Foto za Bahari Zilizofika Munigi

Durban, tarehe 3 mwezi wa nane 2025

Mama yangu,

Pokea salamu zangu. Niko muzima, miguu tu inauma kwa sababu ya kusimama kutwa nikisuka watu nywele. Cibalonza, yule mwanamuke wa Bukavu tunayelala naye chumba kimoja, anakusalimia. Anasema amechoka kusikia habari za sambaza zako, visamaki vya ziwa letu, siku moja atakuja kuzila mwenyewe.

Mama Kadidja anarudi Goma na mizigo yake ya nguo, nimemupatia bahasha yenye foto. Foto hizo ni za kumuonyesha mutoto wangu Mahoro. Ile siku nilipompigia aliniuliza kama huku nako kuna askari, na kama watu wanalala na viatu. Nikasema, acha nitafute kitu cha kumuonyesha, mutoto apapende mahali kabla hajafika.

Kuna nyumba ya samaki hapa kando ya bahari. Unateremuka chini kama unaingia shimoni, halafu samaki wanapita juu ya kichwa chako nyuma ya kioo. Mimi niliinama, mama. Nilishika kichwa kwa mikono miwili kama mutu anayepita chini ya ukuta unaotaka kuanguka, mupaka watoto wa wenyewe wakanicheka. Kuna samaki mupana kama shuka lililoanikwa, anaruka ndani ya maji. Kuna wadogo kama sambaza, wengi, wanageuka wote mara moja kama wamesikia jina lao, hapo nikakukumbuka wewe na karai lako. Kwenye foto ya mwisho ya mule ndani, kile kilicho mukononi mwangu ni nyota ya bahari. Iko hai. Mwambie Mahoro haiumi.

Nje kuna njia ya mbao, ndefu, juu ya muchanga. Watu wanatembea pale bila kwenda mahali. Wanafika mwisho, wanageuka. Nami nikafanya vile, na barafu tamu mukononi. Bahari si kama Kivu letu, hainyamazi, inapiga kelele kutwa kama soko.

Mama Kadidja ataanza tena safari ya huku mwezi wa kumi, amekubali kuja na mutoto. Shule imekwisha kuandika jina lake. Kilichobaki ni ile otorizasyo, karatasi ya ruhusa ya familia ya baba, kwa maana Byiringiro wangu akiwa amekufa, mutoto wake havuki mupaka bila mukono wa kaka ya baba yake, Havugimana, juu ya karatasi. Aliniambia kwa simu kwamba atatia sinyatire Kadidja akipanga siku. Basi uende naye polepole, mama. Unajua ile nyumba bado iko ndani ya kilio. Kama si vita, wangekwisha kukaa kaburini Kalengera zamani, wakaninyoa mara ya mwisho, wakanivua nguo nyeusi mbele ya watu, na kilio kikaondoka. Lakini wao wako Munigi kama wageni, na Mahoro pamoja nao, kaburi liko kule, mimi niko huku. Hakuna aliyekiondoa.

Mubusu Mahoro kwenye paji la uso, pale anapokataa kubusiwa.

Mutoto wako,
Pascasie


Goma, Keshero, tarehe 25 mwezi wa nane 2025

Pascasie mutoto wangu,

Shakila, binti ya Kadidja, ndiye atapiga foto karatasi hii na kukutumia kwa simu yake, maana yangu mimi ni ya tochi, inajua sauti tu. Nimemwambia asisome. Akasema, "Mama Niyitegeka, mwandiko huu nani atauweza?" Unaona adabu ya watoto wa sasa. Unajua niliachia darasa la tatu, herufi zangu zinatembea kama kuku, wewe utazivumilia.

Sasa foto. Kadidja alinikuta ninaanika sambaza, mikono yote ina harufu, nikamwambia aziweke juu ya kiti, mimi nisizishike. Nikanawa. Nikanusa mikono, nikanawa tena. Kisha nikaketi nazo mupaka maharagi yakaungua jikoni, na jirani akaja kuuliza kama nyumba inawaka.

Umenenepa. Asante Mungu. Mashavu yamerudi mahali pake.

Wale samaki wanauzwa lini? Kadidja anasema hawauzwi, watu wanaingia kuwaangalia tu na kutoka. Nilifikiri ananifanyia muchezo. Mimi niliyelea watoto wangu wote juu ya samaki sijawahi kumuangalia mumoja zaidi ya kuona kama ameoza. Na yule mupana kama shuka, anakula nini, na anayemupelekea chakula anaingia kwa mulango gani? Usisogee karibu na kioo hicho. Kioo ni kioo.

Tena ile foto umesimama mwisho wa mbao, maji nyuma yako. Tafadhali usisimame tena vile. Mbao zinaoza kwa chini na juu zinabaki nzuri. Uulize kwanza watu wa pale kabla ya kukanyaga. Wakikucheka, wakucheke.

Jumapili hii inayokuja naenda Munigi kwa wakwe zako. Kila nikienda kuuliza habari ya sinyatire, Havugimana ananiambia, tutaona mama, tutaona. Mimi nafikiri anaogopa kutuma mutoto wa ndugu yake mahali asipopajua, na si kosa lake, hata mimi kabla ya hizi foto nilikuwa nawaza unalala kwenye giza. Sasa nitamuonyesha. Ataona pasafi, ataona mama wa mutoto hana njaa, na roho yake itatulia. Mahoro naye ataziona pale pale mbele ya wote.

Nimekwisha kununua bahasha mupya, ile ya kwanza nimeitia alama ya kidole.

Ninakuombea asubuhi na jioni. Funga mulango wenu vizuri.

Mama yako,
Niyitegeka


Durban, tarehe 29 mwezi wa nane 2025

Mama,

Usizipeleke foto Munigi. Nakuomba. Nimejaribu kukupigia, haupatikani. Simu ya Shakila inalia tu. Sikukuambia wazi, nilifikiri utaelewa. Niko na gauni la manjano, nywele zimesukwa, ninacheka. Kwao mimi bado ni mujane ndani ya kilio.

Zibaki Keshero. Mahoro akija kukutembelea ataziangalia juu ya kitanda chako, na ziishie pale.

Pascasie


Goma, Keshero, tarehe 5 mwezi wa tisa 2025

Pascasie,

Barua yako Shakila aliniletea Jumatatu. Stima ilikuwa imekatika tangu Ijumaa, simu yangu ilizimika, na yake aliiacha mahali inachajiwa. Jumapili nilikuwa nimekwisha kwenda.

Nitakuelezea namna ilivyokuwa, sitaficha, maana wakikuelezea wao utasikia vingine.

Nilipanda moto nyuma ya dereva wa pikipiki baada ya misa, foto ndani ya bahasha, bahasha ndani ya kitenge, kifuani. Nilibeba na sambaza kavu. Havugimana alinipokea vizuri, akanitania kwamba nimeleta ziwa zima nikasahau maji yake tu. Alikuwa na furaha. Ile otorizasyo ilikuwa juu ya meza, mutoto wangu, imekwisha kuandikwa na mutu wa mashine, na kalamu kando yake. Niliiona kwa macho yangu. Kumbe alikuwa ameamua. Kama ningekaa kimya nikala viazi vyao, angetia mukono mbele yangu nikarudi nyumbani nikiimba.

Lakini nilitaka waone.

Nilimupa kwanza mama mukwe wako, kwa heshima, maana ndiye muzee. Haoni vizuri, alizisogeza karibu na macho, moja, nyingine, nyingine. Mimi niko namuelezea, huyu ni samaki gani, hapa ni wapi, ninaongea kama redio. Alizipanga juu ya magoti. Halafu akashika kitambaa chake cha kichwa. Ni cheusi, kimekuwa rangi ya vumbi kwa kufuliwa.

Akasema, "Mimi niliyemuzaa bado niko nacho."

Basi.

Hapo ndipo niliona gauni. Wewe umeandika manjano, umeandika nywele. Nilikaa na foto hizo wiki nzima, asubuhi naziangalia, nikirudi sokoni naziangalia, na gauni sikuliona. Niliona meno yako. Tangu Byiringiro alipokufa sikuwa nimeyaona.

Na kibaya zaidi, kila nikienda Munigi nilikuwa nawaambia, Pascasie wetu hata huko mbali yuko na nyeusi. Niliwaambia kwa kiburi. Sasa walinitazama kama mutu aliyewauzia samaki wa juzi.

Havugimana akazichukua. Hakukasirika, angekasirika ingekuwa afadhali. Aliziangalia polepole, kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Mama, Pascasie yuko ndani ya zote. Nani alikuwa anazipiga?"

Sikuwa nimewaza jambo hilo hata kidogo. Nikasema labda ni Cibalonza. Akasema, "Labda?" Nikanyamaza, na wao wakasikia kile nilichonyamaza, ingawa mimi mwenyewe sikijui.

Nikataka kuokoa ile siku. Nikamwita Mahoro aliyekuwa anacheza nje, nikamwambia njoo uone mama yako na samaki. Nilijua akifurahi, mioyo yao italainika. Alikuja mbio, akafuta mikono kwenye nguo, akazishika. Samaki aliwapenda. Aliuliza nyota inakula nini. Nikamwambia, na mama je, unamuona? Akaangalia sana. Kisha akasema:

"Huyu si mama. Mama yangu hachekake."

Akanirudishia, akarudi kucheza. Mutoto hana kosa, Pascasie. Ulipoondoka alikuwa mudogo. Ulikuwa umenyolewa, na nyeusi, na macho mekundu. Ndiyo sura aliyobaki nayo, na ameitunza vizuri.

Havugimana akakunja ile karatasi akaitia mufukoni. Akasema atakuandikia yeye mwenyewe, nikamupa namba ya Shakila. Walinisindikiza mupaka barabarani bila neno baya. Nimerudi na foto zote, ziko chini ya godoro, siziangalii.

Nilitaka kukupa mutoto wako. Sijui nisemeje. Kula, tafadhali, usikae bila kula.

Mama yako,
Niyitegeka


Munigi, tarehe 9 mwezi wa tisa 2025

Kwa Pascasie, bibi ya marehemu mudogo wangu Byiringiro,

Salamu katika jina la Bwana. Ninaandika kwa utulivu.

Sikatai Mahoro aende kwa mama yake. Ningekataa, nisingepeleka karatasi kuandikwa. Najua pia kwamba kazi ya kumutafutia mutoto chakula peke yako ugenini si nyepesi.

Lakini zile foto ziliniumiza. Ndugu yangu yuko Kalengera, majani yamemuota juu, na sisi tulikimbia bila kupata hata siku moja ya kuketi pale na kumuaga. Mama yetu amekataa kuvua nyeusi mupaka siku hiyo. Na wewe unatembea juu ya mbao ukila barafu tamu. Nikajisemea, kwa huyu kilio kimeisha, alikimaliza peke yake na hakutuambia.

Tena kuna aliyepiga foto. Kama ni mwanamume, Mahoro ataanza kumwita papa kabla sisi hatujamaliza kumulilia papa yake. Jambo hilo siwezi kulitia mukono.

Rudia nyeusi. Ubaki nayo mupaka siku familia itakapoketi pamoja na kukiondoa kilio. Unipe neno lako kwamba hakuna mwanamume. Na unitumie foto ya kweli, inayoonyesha namna ulivyo. Nikiipata, nitatia sinyatire siku ile ile.

Sina chuki nawe.

Shemeji yako,
Havugimana


Durban, tarehe 21 mwezi wa tisa 2025

Mama,

Nimekaa bila kukuandikia kwa sababu kila nilipoanza yalitoka maneno ambayo mutoto hamwambii mama yake. Niliyachana. Sasa yamekwisha.

Hukuniuliza nani alipiga zile foto. Nakujua, unaogopa jibu. Ni mwanamume. Anaitwa Murhula, mutu wa Bukavu, analinda magari ya watu mbele ya ile nyumba ya samaki. Mwaka mzima amekuwa akinisalimia kwa heshima. Siku aliponiambia anachotaka, nilimjibu kwamba kwetu niko ndani ya kilio, hakijaondoka, angoje. Akangoja. Hajaingia chumbani kwetu hata mara moja, muulize Cibalonza.

Ni yeye aliyewaza kwamba Mahoro aone bahari. Mimi nilitaka kwenda na nyeusi yangu. Cibalonza akasema, "Utamutumia mutoto foto za matanga?" Akanivalisha gauni lake. Ilikuwa siku moja, mama. Jioni nililivua, nikarudia nyeusi, nayo ndiyo ninayovaa kila siku hapa, wateja wananiuliza kama mimi ni sista. Kwa hiyo Munigi hukuwadanganya. Ni mimi niliyetuma uongo wa siku moja. Ao labda ile siku ndiyo ilikuwa kweli, na hizi nyingine zote ndizo uongo. Sijui tena.

Lile neno la Mahoro nililisoma kwenye kazi, mikono ikiwa ndani ya nywele za mutu. Niliharibu musuko wote, nikamuomba musamaha, nikaanza upya.

Jana nilimwambia Murhula asingoje. Aliniuliza mupaka lini. Nikamwambia, mupaka lini haiko. Akauliza kama ni kwa sababu ya foto, nikasema ni kwa sababu ya mutoto. Akasema, "Kama ni mutoto, sawa." Kulikuwa na gari linatafuta nafasi, akaenda kuliongoza. Mukono wake uliendelea kuita hata gari lilipokuwa limekwisha kusimama, dereva ametoka na kufunga mulango.

Leo Cibalonza amenikata nywele. Amenipiga foto mbele ya ukuta wa chumba. Hakuna aliyeniambia nisicheke, nilisimama tu vile nilivyo. Shakila aitoe kwenye karatasi, umupelekee Havugimana. Neno langu pia analo, nimemupigia.

Usiniandikie kwamba nimefanya vizuri. Wala usiniandikie kwamba nimefanya vibaya.

Pascasie


Goma, Keshero, tarehe 13 mwezi wa kumi 2025

Mama Mahoro,

Leo nakuita kwa jina hilo kwa sababu Alhamisi mutoto anaondoka na Kadidja. Mukono wa Havugimana uko juu ya karatasi. Najua amekwisha kukuambia kwa simu, lakini yale mengine hawezi kukuambia, maana hayajui.

Ile foto niliipeleka Munigi bila kuiangalia sana. Havugimana aliitazama, akatikisa kichwa, akachukua kalamu. Alifanya alichosema, siwezi kumusema vibaya. Mama mukwe wako alilia, akaiambia foto pole mukwe wangu, kama vile inasikia. Halafu Mahoro akaishika kwa mikono miwili. Akasema, "Huyu ndiye mama." Akatoka nayo kwenda kuwaonyesha watoto wa jirani, huyu ndiye mama yangu, muone. Watu wote pale walifurahi. Mimi nilisimama nikajifanya ninatafuta choo.

Kabla sijaondoka nilimuuliza Havugimana kwa upole, kilio kitaondolewa lini. Akasema, wakirudi wote Kalengera. Nikauliza, wote ni nani. Akaanza kuwataja. Yuko aliye kambini Uganda. Yuko aliyepotelea upande wa Masisi, hawajui kama yu hai. Na nyumba ipate mabati kwanza, watu waketi wapi. Alipokuwa anataja niliona naye mwenyewe anasikia kwamba siku hiyo haiko. Akaangalia viatu vyake.

Basi nilienda Kalengera. Sikumwambia mutu, Shakila nilimwambia naenda kununua maharagi.

Kaburi nilionyeshwa na mama mumoja aliyekuwa analima. Wamelima maharagi mupaka ukingoni, lakini juu yake hawakukanyaga, Mungu awabariki. Musalaba umeinama, nikausimamisha, ukainama tena. Niling'oa majani mupaka mikono ikachubuka. Kisha nikaketi chini vile wao wanavyoketi. Mimi si wa ukoo wake, mimi ni mwanamuke, tena ni mama mukwe, kila kitu kinachonikataza kufanya kazi ile ninacho. Nikamwambia hivi:

"Byiringiro, ulikuwa mutu muzuri, ulikuwa unanisalimia ukiinama. Mutoto wangu amekulilia vya kutosha. Watu wako hawana njia ya kukusanyika, usiwakasirikie. Nimekuja mimi. Nakiondoa."

Nikaomba Baba Yetu. Nikanawa mikono na maji ya chupa niliyobeba, yaliyobaki nikayamwaga pale, nikaondoka. Nilinunua na maharagi, ili nisiwe nimemudanganya Shakila.

Sijui kama inahesabika. Havugimana akijua atasema haihesabiki, na pengine ana haki. Lakini mimi ndiye niliyekuzaa, na ninasema umemaliza. Lile neno ulilompa, nitalibeba mimi. Siku akija kuuliza, aulize hapa Keshero. Mimi ni muzee, atanifanya nini, atanikataza kupika?

Juu ya huyo Murhula siwezi kukuambia umwite wala usimwite. Ni mimi niliyetoa zile foto nyumbani, sina mudomo wa kupanga tena maisha yako. Ninamuwaza tu, na ule mukono wake. Sijawahi kumuona, na nimemufanyia ubaya.

Sasa usikilize habari za mutoto, maana Kadidja atasahau. Mahoro hali mayai ya kukaanga, anayaficha mufukoni. Akinyamaza sana, ujue ana homa. Usimuamshe kwa kumushika mabega, anashtuka, mwite jina kutoka mulangoni mupaka ajibu. Akikuuliza juu yangu mimi koko wake, mwambie koko yuko anauza sambaza, usiseme nimebaki peke yangu. Jumapili nilikuwa na mahali pa kwenda, sasa nitatafuta pengine.

Na kuna jambo hili, ndilo lililonifanya nikuandikie mapema, ulisome kabla hawajafika.

Siku atakapoteremuka kwenye basi, usimukimbilie ukicheka. Najua utataka. Shika midomo yako. Uende na ile nyeusi, na kichwa vile kilivyo, usimame mahali atakapokuona kutoka mbali. Atakuta mama anayemujua. Mwache akukumbatie hivyo, ale hivyo, alale karibu nawe usiku mumoja hivyo. Asubuhi uivue nyeusi mbele yake, polepole, ili aone kwamba mutu anayetoka mule ndani ni yule yule. Kisha ucheke. Lakini kidogo, mudomo umefungwa, usimutishe. Kesho yake uongeze.

Mama yako,
Niyitegeka